Kubadili Kumbukumbu ya Seva

Leo tutazungumza juu ya seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine za ofisi. Ikiharibika, orodha ya wagonjwa au ya mishahara haisomeki.

Hapa Dodoma, tangu Mei hadi Novemba, mvua ni adimu na hewa ni kavu. Ukivua sweta usiku utasikia cheche zikialika. Huo ni umeme tuli. Mwili huuhisi ufikapo kama volti 3,000. Lakini kijibao cha kumbukumbu chaweza kufa kwa volti zisizofika 100, nawe usijue.

Basi, fanyeni hivi. Kwanza, wekeni nakala ya habari zote mahali pengine. Zimeni seva, mkachomoe nyaya zote za umeme. Seva nyingi zina mbili. Vaeni mkanda wa mkononi uliofungwa kwenye chuma kitupu cha seva, ili umeme wa mwili na wa chuma uwe sawa. Shikeni kijibao kwa kingo zake. Pengo lake lielekee kijino cha tundu. Kisha kandamizeni pande zote mbili mpaka vishikizo vifunge.

Swali: kwa nini twavaa mkanda? Andikeni jibu. Kwaherini.