Pesa Kwanza, Mzigo Baadaye

Msikilizaji, picha hizi hazikosi kwenye simu zetu: huku gauni linalong'aa lililoagizwa mtandaoni, huku kitambaa kama chandarua kilicholetwa. Tunacheka, kisha tunamhukumu mnunuzi kwamba tamaa ya bei ya chini ndiyo iliyomponza. Nadhani tunamwonea. Mpeleke mtu huyo huyo kwenye soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, uone kama atadanganyika kirahisi. Atavuta zipu, atanusa kwapa, atainua shati kwenye mwanga atafute tundu, kisha atalirudisha kwenye rundo na kujifanya anaondoka ili bei ishuke. Muda wote huo pesa iko mfukoni mwake, na nguvu yake iko hapo. Mtandaoni anatakiwa kuisalimisha kabla hajagusa chochote.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa hufika kwa sekunde chache, ilhali mzigo huja kesho, keshokutwa, au usije kabisa. Ukiomba muamala urudishwe, mara nyingi muuzaji mjanja ameshatoa fedha. Sheria ipo, tena ya zamani: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, inayotumika Kenya tangu 1931, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na kwangu mimi picha ya gauni ni maelezo tosha. Hata Mahakama ya Madai Madogo tunayo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini nani atapoteza siku mbili mahakamani kwa viatu vya shilingi 1,500? Na atamshtaki nani, ukurasa wenye picha ya maua na namba isiyopokelewa?

Wauzaji nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mteja huagiza, boda boda anatoka mjini hadi Rongai, anapiga simu langoni, imezimwa. Nauli imekwenda na faida ya siku imekwenda nayo. Ndiyo maana wengi wamebandika onyo kwamba hakuna mzigo bila malipo. Ila hasara wanayoilalamikia ni ya nauli, si ya bei ya bidhaa, maana kiatu kilichokataliwa kinarudi dukani. Basi mteja atangulize nauli ya kwenda na kurudi, na bei ailipe akishafungua mzigo. Kwa mizigo ya mbali, inayosafiri kwa basi hadi Kisumu au Lodwar, pesa ishikwe na mtu wa tatu. Nchini China, Alipay ilikua kwa kazi hiyo hiyo: kuzuia fedha za mnunuzi mpaka athibitishe kwamba amepokea alichoagiza. Kampuni zetu za simu, zinazotoza ada karibu kila muamala, haziwezi kudai kwamba teknolojia hiyo imezishinda.

Mwenye boda boda atanung'unika kwamba anasimamishwa langoni mteja akijaribu viatu. Ana haki. Dakika hizo zihesabiwe kwenye nauli, naye alipwe.