Mafuta Yanayosukuma Magurudumu: Utunzaji wa Haidroliki katika Mashine ya Kukata Nyasi



Kamati ya shule inapopata mashine ya kukata nyasi ya kukalia, mara nyingi iliyokwisha kutumika, swali la kwanza huwa la injini: je, inawaka? La pili huwa la visu. Mafuta ya haidroliki hayaulizwi, pengine kwa kuwa hayaonekani. Ieleweke kwamba mashine nyingi za aina hii hazina gia kama za gari. Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kwa shinikizo hadi kwenye mota ya haidroliki. Na mota hiyo ndiyo huzungusha magurudumu. Dereva anapokanyaga pedali, anachobadilisha ni wingi na mwelekeo wa mafuta hayo.

Hapo ndipo suala la usalama linapoanzia. Mafuta yaleyale yanayosukuma mashine ndiyo yanayoizuia inapoteremka. Yakichakaa na kupata joto kali huwa mepesi mno, hupenya ndani ya pampu yasipotakiwa kupita, na nguvu hupungua. Dalili yake ni rahisi kuitambua: asubuhi mashine hupanda mwinuko wa uwanja bila taabu, lakini baada ya muda wa kazi hujikokota au kusimama. Madereva wengi huilaumu injini. Mashine inayoshindwa kupanda ikiwa moto yaweza pia kushindwa kujizuia ikishuka, na chini ya miteremko ya viwanja vya shule hucheza watoto. Mashine ya namna hiyo iondolewe mteremkoni siku hiyohiyo. Isisubiri fedha za muhula ujao.

Kinga nafuu kuliko zote ni ufagio na brashi. Nyasi zilizokatwa na vumbi la kiangazi huziba feni na mapezi ya kupozea, joto likakosa pa kutokea. Kusafisha sehemu hizo, injini ikiwa imezimwa na kupoa, hakugharimu hata shilingi.

Kuhusu aina ya mafuta, kitabu cha mashine kifuatwe. Zipo zinazotumia oili ya injini ya 20W-50, na zipo zinazohitaji oili ya aina nyingine. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe, kwani huharibu sili za mpira. Katika baadhi ya mashine oili hubadilishwa mara ya kwanza baada ya saa 75 hadi 100 za kazi, kisha kila saa 400; hivyo basi, pasipo na mita ya saa, daftari la mlinzi wa stoo ni kifaa cha ufundi sawa na spana. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Yenye povu imeingiwa na hewa. Yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi.

Baada ya kubadilisha oili, hewa hubaki ndani, na wengi hukosea hapa. Magurudumu yanayoendesha huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki pekee. Valvu ya kupitishia mafuta pembeni hufunguliwa, injini huwashwa, na pedali husogezwa taratibu mbele na nyuma mara 5 au 6. Kisha valvu hufungwa na zoezi hurudiwa. Injini huzimwa, kina cha oili hupimwa tena na kuongezwa. Valvu hiyo ikisahauliwa wazi, mashine haina kinachoishikilia mteremkoni isipokuwa breki ya kuegeshea.

Uvujaji usitafutwe kwa mkono. Mafuta yenye shinikizo yakitoka kwenye tundu dogo kama la sindano huweza kupenya ngozi, na jeraha likaonekana kama kidoti kisicho na uchungu mwingi. Majeruhi apelekwe hospitali papo hapo, na mganga aelezwe wazi kwamba ni mafuta ya shinikizo, kwa kuwa jeraha hilo huhitaji upasuaji wa haraka na kuchelewa kunaweza kumgharimu kidole au mkono. Mtu asidanganyike kwa kuwa damu haitoki. Anayetafuta mvujo atumie kipande cha boksi, avae miwani ya kinga, na ashike bomba pale tu injini imezimwa.

Wananchi wanaopita uwanjani nao wana nafasi yao. Mstari wa nyasi zilizokauka au doa jeusi pale mashine ilipolala ni taarifa ya kumpelekea mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati mapema.

Aidha, oili chakavu isimwagwe karibu na kisima wala mtaroni. Ikusanywe katika dumu lenye kifuniko, liandikwe kwa rangi, na liwekwe mbali na madumu ya mafuta ya kupikia hadi fundi atakapolichukua.