Kukoroma Usingizini: Gharama ya Kutibiwa na Gharama ya Kunyamaza

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na wazee, Ndanai)

Jambo la leo huwafanya watu wacheke. Tunasema, "Mzee fulani akilala, hata mbwa wa jirani hawalali." Chekeni tu. Lakini mkimaliza kucheka tupige hesabu, kwa sababu jambo hili lina pesa ndani yake, na lina uhai wa mtu.

Wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba anayekoroma amelala usingizi mnono. Sivyo. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Njia ya hewa ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa shida na nyama hizo hutikisika. Huko ndiko kukoroma. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, na shida ni ya yule anayelala naye tu. Lakini kwa wengine koo hufunga kabisa. Kelele hukatika, kimya, sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Hewa safi hupungua katika damu. Ubongo hushtuka, mtu hukurupuka kama anayezama majini, anavuta pumzi kwa nguvu, kisha anaanza tena kukoroma. Madaktari huita ugonjwa huu apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. Mara 15 hadi 29 ni wa kadiri. Mara 30 na zaidi ni mkali. Hebu fikiria, mara 30 kwa saa ni kila dakika mbili, usiku kucha!

Si ugonjwa wa wachache. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu karibu milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanao. Wengi hawajui.

Nani atajuaje?

Mgonjwa mwenyewe hajui, amelala. Shahidi ni mke, au mume, au watoto katika chumba cha pili. Kwetu hapa mke huona haya kusema habari za mumewe. Mama, hapa usione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna maswali manane yaliyotungwa na madaktari huko Toronto, Kanada, na kutolewa mwaka 2008. Hayana gharama:

1. Je, anakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango?
2. Je, mchana anachoka na kusinzia?
3. Je, kuna mtu aliyeona pumzi yake ikikatika?
4. Je, ana presha, au anatibiwa presha?
5. Je, uzito wake ni mkubwa sana kwa kimo chake? (Ile hesabu ya kliniki iitwayo BMI ipite 35.)
6. Je, amepita miaka 50?
7. Je, shingo yake inazidi sentimita 40? Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima.
8. Je, ni mwanamume?

Akipata "ndiyo" tatu au nne, aende akaangaliwe. Tano na zaidi, asikawie. Wanawake pia huugua, hasa baada ya kukoma hedhi, kwa hiyo wanaume wasidhani ni wao peke yao.

Gharama ya kunyamaza

Tuanze na hesabu hii, kwa maana wengi hawaihesabu. Mtu ambaye usiku wake umekatika vipande mara mia hawezi kuwa macho mchana. Akiwa dereva wa gari la kubeba majani chai, au wa matatu, au kijana wa bodaboda, kusinzia sekunde tatu kunatosha. Akiwa ameshika panga au mashine ya kuchunia chai, vilevile.

Halafu kuna presha. Kila pumzi inapokatika, moyo husukumwa na mishipa hubanwa. Kuna jamaa wanaonunua vidonge vya presha kila mwezi, wanavimeza vizuri, na bado presha haishuki. Mara nyingi mtu wa namna hii ana apnia ambayo hakuna aliyeiuliza. Usipotibiwa, ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi na ya moyo. Mwenye kuuguza mtu wa kiharusi nyumbani anajua gharama yake kuliko mimi.

Gharama ya kutibiwa

Sasa tupande ngazi kutoka chini. Msianzie juu.

*Ngazi ya kwanza ni bure.* Lala kwa ubavu, si chali. Ukigeuka geuka usiku, shona mfuko mgongoni mwa shati na uweke mpira mdogo ndani. Ukilala chali utakusumbua. Inua upande wa kichwa wa kitanda. Acha pombe, hasa jioni, iwe busaa, chang'aa au ya chupa, kwa maana hulegeza koo. Vidonge vya usingizi hufanya vivyo hivyo. Acha sigara. Na mwenye uzito mkubwa aupunguze. Utafiti uliofanywa Wisconsin, Marekani, na kutolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba waliopunguza uzito kwa asilimia 10, kukatika kwa pumzi kulipungua kwa karibu asilimia 26. Mtu wa kilo 100 apunguze 10. Si kuacha mursik na kimyet kabisa. Ni kupunguza kipimo, sukari ya chai, soda na vya kukaanga.

*Ngazi ya pili ni zahanati au kituo cha afya.* Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF. Mtu aliyejiandikisha hatibiwi kwa malipo katika ngazi hizi za chini. Apimwe presha, sukari, uzito na koo. Aombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwetu karibu kuna Kaplong, Longisa, Litein na Tenwek. Huko lazima uwe umelipa mchango wako, ambao hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi. Uliza kwanza ni nini kinalipiwa, kabla ya kulazwa.

*Ngazi ya tatu ni kipimo cha usingizi.* Kipimo kamili hufanywa hasa Nairobi: mtu hulala akiwa amefungwa nyaya, na pumzi yake huhesabiwa. Kuna pia kifaa kidogo cha kupima ukilala nyumbani, ambacho kwa kawaida ni cha bei nafuu. Ulizeni hicho kwanza. Katika hesabu, msisahau nauli ya watu wawili na mahali pa kulala.

*Ngazi ya nne ni mashine.* Inaitwa CPAP. Ilianzishwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyeitangaza mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa mkali alitobolewa koo ili apumue. Mashine husukuma hewa kupitia kifuniko cha puani, na hewa hiyo huzuia koo lisifunge. Marekani huuzwa kama dola 500 hadi 1,000, yaani karibu shilingi 65,000 hadi 130,000 kwa kiwango cha mwaka 2025, kabla ya usafiri na ushuru. Kifuniko, mpira na chujio huchakaa na kununuliwa tena. Stima si nyingi: mashine ya wati 40 kwa saa nane kila usiku haifiki yuniti 10 kwa mwezi. Ikiwa na kifaa cha kupasha maji, hula zaidi.

Wengine wana jamaa Marekani watakaowatumia mashine iliyotumika. Ni msaada mzuri, lakini angalieni. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zake zirudishwe, kwa sababu sponji ya ndani ingeweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Jamaa aangalie namba ya mashine kabla ya kuituma. Na kiwango cha hewa kiwekwe na mtaalamu.

Yapo mengine. Kuna kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya mbele, kinachofaa ugonjwa usio mkali. Kuna sindano ya tirzepatide, iliyokubaliwa Marekani Desemba 2024 kwa wagonjwa wanene, na ni ghali sana. Lakini chupa za dawa ya kukoroma zinazouzwa sokoni, acheni. Hazifungui koo.

Mtoto anayekoroma

Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, na darasani hatulii, mara nyingi ana mafindofindo makubwa. Upasuaji mmoja humponya mara nyingi. Msimchape kwa uvivu kabla ya kumpeleka kwa daktari.

Neno la mwisho

Msiuze ng'ombe wa maziwa kabla ya kipimo. Msiitishe harambee ya mashine kabla ya kujua kama ngazi ya kwanza inatosha. Ikibidi mashine, uliza kama mgonjwa anaweza kuijaribu kwanza. Wengine hushindwa kuizoea, ikaishia chini ya kitanda. Lakini ikiwa daktari amesema ugonjwa ni mkali, basi bonasi ya chai ikija, hii itangulie kiti kipya cha sebuleni.

Na jambo moja la bure kabisa: ukienda kupasuliwa kwa ugonjwa wowote, mwambie anayetia dawa ya usingizi kwamba unakoroma na pumzi hukatika. Neno hilo moja linaweza kukuokoa.

Sasa mniulize.

*Maswali ya kujadili katika vikundi:*

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayekoroma na kusinzia mchana? Nani atamwambia?
2. Kwa nini tunaona haya kulisema?
3. Je, kikundi chetu kinaweza kununua utepe na kupima shingo na presha za madereva wetu?