Muswada Haujawa Sheria: Maneno kwa Wenye Maduka, Hoteli na Baa wa Malaba

(Yalisemwa mwaka 2024 mbele ya wafanyabiashara wa mpakani)

Sisi ni askari wa uhusiano na jamii.

Tumewaiteni kwa sababu ya neno linalozunguka sokoni, kwamba Serikali imekwisha kupiga marufuku uuzaji wa pombe mchana. Haijapiga. Kilichopo ni Muswada wa Udhibiti wa Vileo wa mwaka 2023, uliopelekwa Bungeni na Mheshimiwa Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa wilaya yetu hii ya Tororo. Unapendekeza kwamba siku za kazi vileo viuzwe tangu saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, na siku za mwisho wa juma na sikukuu hadi saa sita usiku. Pendekezo hilo lingali mikononi mwa Bunge. Wabunge wakilipitisha litapelekwa kwa Rais, naye Katiba humpa siku 30 za kulikubali au kulirudisha. Likikubaliwa litachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kabla ya hapo hakuna askari, wala mtoza ushuru, wala kijana yeyote mwenye kitabu cha risiti, aliye na mamlaka ya kumtoza mtu faini kwa jina la muswada huo.

Tunalitamka jambo hili waziwazi kwa kuwa malalamiko yametufikia. Wapo watu wanaopita madukani mchana wakidai fedha za "sheria mpya", na baadhi yao, kwa maneno ya wenye maduka, huwa wamevaa sare. Akija mtu wa namna hiyo, mwulizeni kwa adabu jina lake, namba yake na kifungu cha sheria anachokitegemea. Msimpe fedha mkononi. Kisha mje mtuarifu kituoni, na mkiona vigumu kumshtaki askari mbele ya askari mwenzake, kama ilivyo kawaida ya binadamu, mpitieni mwenyekiti wa kijiji. Tunayo idara inayochunguza mwenendo wa polisi, nayo hupokea malalamiko ya raia.

Lakini asije mtu akatoka hapa akisema polisi wameruhusu kila kitu. Sheria za vileo tulizorithi tangu miaka ya 1960, ile ya pombe na ile ya enguli, zingali zina nguvu. Kumwuzia pombe mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa leo hii. Kuuza bila leseni ni kosa. Waragi ya vifuko, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania waliiita viroba, ilipigwa marufuku hapa Uganda mwaka 2019, na bado tunaikamata ikiwa imefichwa chini ya magunia ya mahindi. Na anayechanganya waragi na kemikali asidhani kwamba anatafuta riziki kama wengine. Mwaka 2010 watu wengi walizikwa Kabale kwa sababu ya waragi iliyotiwa methanoli. Februari mwaka huu, huko Kirinyaga nchini Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo, na ilielezwa kuwa kilikuwa kielelezo kilichotolewa kwa wizi katika kituo cha polisi. Habari hiyo ilituuma sisi kuliko wengi wenu, nasi tumeihesabu ghala yetu upya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wabunge wakaao mbali na mpaka wanaweza wasilione. Kenya wanayo sheria ya namna hii tangu mwaka 2010. Huko, baa hufunguliwa siku za kazi saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Siku za mwisho wa juma na sikukuu hufunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa tano usiku. Wekeni saa hizo kando ya zile za muswada wetu, mtaona wenyewe yatakayotokea. Jumanne saa nne usiku, baa za upande huu zitafungwa, na mnywaji ambaye hajashiba atavuka mto kuitafuta saa moja iliyosalia upande wa pili. Jumamosi mchana atavuka tena, kwa kuwa huko wamefungua na huku bado. Itakapofika saa tano usiku umati utageuka na kurudi huku, kwa kuwa sisi tutakuwa na saa moja zaidi. Na mlevi wa usiku hapiti kwenye lango la uhamiaji kuonyesha kitambulisho. Hupita njia za panya, kwenye matope ya mto Malaba, na wanaomngojea humo mnawajua.

Hatusemi hivi kwa kubahatisha. Kenya ilipokataza pombe ya vifuko, na Tanzania ikafuata Machi 2017, vifuko vilikuwa vingali halali kwetu. Vilivuka kwa pikipiki na kwa vichwa vya watoto, na kila aliyekuwa askari mpakani miaka ile anakumbuka. Marufuku ya upande mmoja iliihamishia biashara porini. Kwa hiyo maoni yetu, sisi tutakaoamriwa kuitekeleza, ni kwamba saa za pande hizi mbili zingelinganishwa. Ziwe nyingi au chache, hilo tunawaachia wabunge.

Liko pia suala la hoteli. Dereva wa lori aliyelala foleni siku mbili akiagiza wali, nyama na chupa moja ya bia saa saba mchana, mwenye hoteli atamjibuje? Naye mama anayeuza ajono chunguni, wazee wa Kiteso wakiizunguka na mirija yao tangu adhuhuri, je, yumo katika hesabu moja na mwenye baa ya muziki? Tunafahamu ni karo ngapi zimelipwa na vyungu hivyo. Tunafahamu vilevile ni wanawake wangapi huja kituoni usiku wakiwa wamepigwa, na waume wao walianza kunywa saa nne asubuhi. Mheshimiwa Opendi hakuuleta muswada wake bure. Wanaoupinga kwa sababu ya mauzo peke yake wangekaa na sisi mezani usiku mmoja wa Jumamosi.

Kamati za Bunge hupokea maoni ya raia kwa maandishi. Mwenye hoteli aandike kama mwenye hoteli, mpika ajono aandike kama mpika ajono, na yule aliyechoshwa na kelele za baa jirani naye aandike. Tajeni mahali, saa na hasara, msiandike matusi. Wenyeviti watazikusanya barua hadi Ijumaa, nasi tutaziwasilisha zikiwa zimefungwa, bila kuzisoma, kwenye ofisi ya wilaya ili zipelekwe Bungeni. Karatasi na kalamu zipo kwenye meza ile karibu na mlango. Anayetaka kuandikiwa kutoka Kiteso au Kidhopadhola amwone koplo aliyeketi hapo.