MAKTABA NI YETU PIA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa reli mbele ya mkutano wa tawi, wanachama na jamaa zao wakiwapo.)



Msimamizi wa maktaba ya mtaa wetu ametuletea barua. Asema kwamba kuanzia mwezi ujao kutakuwa na shughuli nne, na hakuna malipo. Ya kwanza ni saa ya hadithi kwa watoto, kila Jumatano saa tisa alasiri. Ya pili ni darasa la watu wazima wasiojua kusoma, kila Jumanne saa nne asubuhi. Ya tatu ni mkutano wa mama na watoto wachanga, ambao watafundishwa kuwasomea vitabu vya picha. Ya nne ni siku moja kila mwezi ya ngoma, vitendawili na bao, ambayo wazee wataombwa kusimulia mambo ya kwao.

Najua mwanachama atauliza: Chama kina shauri gani na hadithi za watoto? Sisi twadai mishahara. Ndugu, mshahara twadai kwa ajili ya nani? Mtu wa zamu ya usiku hulala wakati watoto wanaposoma, nao hulala wakati yeye anapokwenda kazini. Nyumbani ni chumba kimoja, na taa ni moja. Mtoto hana mahali pa kuweka daftari lake. Maktaba ina meza, ina taa, ina utulivu. Hiyo ni nyongeza ya mshahara isiyopita katika bahasha.

Tena watoto wetu wamezaliwa hapa mjini. Wengi hawajui hadithi ambazo bibi zao walizisimulia jikoni. Katika safu moja ya nyumba zetu mna Mluo, Mkamba, Mluhya, Mtaita na Mkikuyu. Mzee wa kila kabila akisimulia hadithi yake kwa Kiswahili, mtoto wa jirani atamjua jirani yake. Umoja wa wafanyakazi waweza kuanza hapo.

Sasa nikumbusheni jambo moja la zamani. Pale Nairobi, barabara ya Banda, liko jumba la mawe lenye nguzo kubwa. Ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kwa ukumbusho wa mzungu mmoja tajiri. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka wa 1965 ya kuanzisha huduma ya maktaba ya taifa. Mwaka wa 1996 vitabu vilianza kupakiwa juu ya ngamia, vikapelekwa kwa wafugaji wa Garissa. Ikiwa kitabu chaweza kumfikia mchungaji jangwani, kwa nini kisimfikie mtu wa reli aliye hatua mia kutoka mlangoni?

Lakini mlango waweza kuwa wazi na bado mtu asiweze kuingia. Tazameni saa hizo. Jumatano saa tisa, sisi tuko karakana na stesheni, na mama wengi wako sokoni. Jumanne saa nne, ni mtu wa zamu ya usiku tu awezaye kufika, naye ana usingizi. Watu wakikosa kuja, itasemwa kwamba wafanyakazi hawapendi elimu, na shughuli zitafungwa. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, tuchague watu watano, wawili wao wawe akina mama, wamwone msimamizi kwa heshima na kumwomba hadithi ziwe Jumamosi alasiri, na darasa liwe mara mbili kwa juma, asubuhi moja na jioni moja. Pili, Katiba ya 2010 imeweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Basi kaunti ikiita mkutano wa makadirio ya fedha, tawi lipeleke watu wake wakaseme: taa, vitabu na mshahara wa mtumishi wa jioni. Asiyesema huko asinung'unike huku.

Tatu, kila mmoja wetu afanye sehemu yake. Mwenye mzee hodari wa hadithi amlete. Mwenye kujua kupiga nyatiti au kayamba aandikishe jina kwa karani wa tawi. Na mwanachama asiyejua kusoma asione haya. Mtu anayetia alama ya kidole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma aweza kutia alama katika hasara yake mwenyewe.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya watu hao watano kabla hatujatawanyika. Umoja ni nguvu.