Jiwe Moja, Mbinu Mbili
Dhahabu ya Nyamongo, wilayani Tarime, kwa kawaida haionekani kwa macho. Imo ndani ya mwamba kama vumbi, na tani nzima hutoa gramu chache tu. Kulala juu ya dhahabu, basi, si kuwa nayo. Huwa nayo mwenye mbinu ya kuitoa.

Nyakunguru ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo. Kabla mgodi huo haujaanza kuzalisha mwaka 2002, wachimbaji wadogo wa hapo walishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakapandisha mbale, yaani mawe yenye dhahabu, wakaitwanga, wakaosha unga wake na kuuchanganya na zebaki. Zebaki hung'ang'ania dhahabu. Bonge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mtaji ni mdogo. Gharama huingia kifuani mwa anayechoma.

Ila zebaki ni mvivu. Huacha dhahabu nyingi kwenye mchanga, na mchanga huo, unaoitwa marudio, huishia kwa wenye mitambo ya sayanidi. Njia ya sayanidi ilibuniwa Glasgow mwaka 1887. Sayanidi huyeyusha dhahabu ndani ya maji, kisha kaboni, ambayo aghalabu hutokana na vifuu vya nazi, huinasa. Kwa njia hii hata mwamba hafifu hulipa, mradi pawe na umeme, malori makubwa na ardhi pana. Ndivyo yalivyopatikana mashimo ya mgodi huo, Nyabirama, Nyabigena na Gokona, na ndivyo familia zilivyohama.

Mgodi hutupa jiwe lisilorudisha gharama zake na kuliita kifusi. Kijana mwenye nyundo, asiye na gharama hizo, huliita mbale. Hesabu hizo mbili hukutana kwenye lundo moja: Mei 2011, watu walipoingia mgodini hapo kutafuta mawe, wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi.

Mwamba uliovunjwa una jambo jingine. Salfa iliyomo ikikutana na hewa na mvua huzaa tindikali. Mwaka 2009 maji ya namna hiyo yalivuja kutoka mgodini hadi mto Tigithe, unaomwaga maji yake mto Mara.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Hata hivyo zebaki haijatoka mialoni, wachimbaji wadogo wanakooshea dhahabu: hubebeka kwenye kichupa, na mtambo wa sayanidi haubebeki.