Risala ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa Kata ya Ngana, wenzetu wa ushirika na benki, akina mama wote, ndaga fijo kwa kufika.

Miaka kumi iliyopita tulianza na sanduku moja lenye kufuli tatu. Wakati huo kila mdau alikuja kwa siku yake: leo bwana shamba, kesho mtu wa benki, wiki ijayo ushirika. Sisi tunaacha mpunga shambani, tunakwenda kusikiliza. Basi tukasema, njooni wote siku yetu ya hisa. Wakaitika, na mambo yakaanza kushikana.

Tuchukue kakao. Zamani mtoto akiugua usiku, mama aliuza njemke, yaani kakao mbichi, kwa bei ya kutupa. Sasa anakopa kikundini. Kakao anaivundika siku tano sita, anaianika mpaka ikauke sawasawa, ndipo inakwenda ghalani kungoja mnada. Bwana shamba alitufundisha kuvundika, ushirika una ghala na mizani, sisi tuna mkopo wa kutuvumilisha. Kimoja kikikosekana, njemke inarudi. Mwaka 2024 bei ilipopanda duniani, kwa kuwa Ghana na Ivory Coast walivuna kidogo, tuliongoja mnada tulicheka.

Mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 4 ya wanawake, nao ulitusaidia. Iliposimamishwa mikopo hiyo mwaka 2023 mpaka mwaka uliofuata, tuliishi kwa hisa zetu wenyewe. Tulijifunza kwamba mdau anaweza kusimama, ila sanduku lisisimame.

Lakini ndugu mgeni rasmi, jambo moja halijakaa sawa. Anayevundika na kuanika ni mama. Shamba ni jina la baba, uanachama wa ushirika ni wa baba, pesa ya mnada inaingia akaunti ya baba. Baba akifariki, mjane anazunguka ofisi hadi ofisi kutafuta malipo ya kakao aliyoianika kwa mikono yake.

Ombi letu ni hili: ushirika, benki na serikali ya kijiji mkae meza moja nasi, akina mama tuandikishwe uanachama, na majina mawili yaingie kitabuni. Kiingilio tunacho, kimo sandukuni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Akina mama hoyee!

Mwenyekiti wa Kikundi,
Ngana, Kyela.